Mpira Umetoka, Mzee

Nina shahada ya upimaji wa ardhi. Kwa miaka minne nilifundishwa jambo moja kwa namna nyingi: kusimama mahali, kutazama vizuri, na kusema mpaka uko wapi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ninayotaka kuyasimulia yanamhusu mtu aliyeuona mpira wa tenisi ukidunda hatua nzima nje ya mstari, akafungua mdomo, akasema, "Ndani, mzee. Hongera."

Mtu huyo ni mimi.

Tenisi sikuitafuta. Baada ya chuo nilikuja kukaa kwa mjomba wangu Kariakoo, ghorofa ya tatu, nikisubiri kazi. Chini ya jengo letu kuna duka la zipu na vifungo la mama mmoja wa Kichaga, mnene kiasi, mwepesi wa mguu, ambaye anaweza kuhesabu vifungo kwa kuvisikiliza vikimiminika kwenye sahani ya mizani. Daktari alikuwa amemwambia presha imepanda na anahitaji mazoezi. Akaanza kwa kutembea asubuhi kuzunguka Mnazi Mmoja, lakini kila baada ya hatua kumi alikutana na mteja. "Mama, zile zipu za suruali zimeingia?" Alirudi nyumbani na oda nyingi na presha ileile. Ndipo akagundua kiwanja cha tenisi cha Upanga, kilichozungushiwa wavu wa chuma pande zote. "Pale," aliniambia, "mteja ananiona lakini hawezi kunifikia."

Alikuwa akicheza na dada yake. Dada alipohamia Dodoma, mama alisimama mlangoni mwa duka lake akawa anawakagua wapita njia kama anachagua kitambaa. Nikashuka ngazi kwenda kununua chapati.

"Wewe," alisema. "Mrefu. Huna kazi. Huvuti sigara. Njoo Jumamosi."

Nilikwenda na raketi ya mitumba iliyokuwa imefungwa utepe wa umeme kwenye mpini. Kwa wiki za mwanzo nilipiga mipira mingi juu ya wavu wa chuma kuliko juu ya wavu wa kiwanja. Mtu mwingine angecheka akaendelea. Mimi nilinunua daftari. Nikaandika: *Tatizo la kwanza, kiwiko. Tatizo la pili, goti la kushoto. Tatizo la tatu, nafikiria kiwiko wakati natakiwa kufikiria goti.* Nilitazama video za mafunzo kwenye simu mpaka mjomba akauliza kama ni kozi yenye cheti. Nikafanya mazoezi ya kurusha mpira juu pale kibarazani, mpaka siku moja ulipodunda kwenye ukingo na kuangukia kwenye turubai la muuza soksi kule chini. Nilipofika, ulikuwa umeshavishwa soksi na umepangwa pamoja na zingine.

"Kaka, huu unauzwa na soksi yake," alisema yule muuzaji. "Siwezi kuwatenganisha."

Mama wa zipu hakuwa na daftari. Mafunzo yake yote yalikuwa maneno matatu: "Piga pale hawapo." Nilipomuuliza kuhusu namna ya kushika raketi, alinitazama kwa huruma. "Wewe ukifukuza nzi unashikaje gazeti?"

Taratibu nikaanza kucheza vizuri. Nasema hivyo kwa tahadhari, maana nimelifikiria sana. Mpira ulianza kwenda nilikokusudia, mara tatu kati ya tano. Na nilianza kuisubiri Jumamosi, jambo ambalo tangu nimalize chuo sikuwa nimelifanya kwa siku yoyote.

Kisha ikaja mvua kubwa, ile iliyojaza Jangwani maji mpaka magari yakafungiwa njia. Upanga hapakujaa, lakini kiwanja kimoja kati ya viwili vyetu kilipasuka sakafu katikati. Katibu, ambaye ndiye pia anayepaka mistari na kufunga geti, akabandika karatasi: kimebaki kiwanja kimoja, kwa hiyo muda utagawanywa upya. Kutakuwa na mashindano ya watu wawili wawili. Washindi watachagua muda wao kwanza, na wengine watafuata.

Kila mtu alijua muda unaogombewa ni upi. Jumamosi saa moja asubuhi kuna kivuli cha maghorofa, sakafu ina ubaridi, na mtu anaweza kucheza akawahi kazini. Muda uliosalia ulikuwa wa mchana wa jua kali, au siku za kazi.

"Duka nafungua saa tatu," mama wa zipu alisema akiisoma ile karatasi. "Siku za wiki siwezi. Jumamosi mchana ndiyo kabisa, mafundi wote wa mikoani wanakuja. Nikiikosa hiyo saa moja, naacha. Raketi naitundika." Akanigeukia. "Na presha ikinipanda, utakuja wewe kuhesabu vifungo."

Alicheka, lakini mimi nilikuwa nimeona kile kipimo cha presha alichokiweka chini ya kaunta. Usiniulize nilikitazama mara ngapi.

Waliokuwa na saa moja wakati huo ni wazee wawili. Wa kwanza alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Kariakoo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono ambayo haikuwahi kuanguka hata alipokimbia. Huyu wote tulimwita Mzee. Mwenzake alikuwa daktari wa macho mstaafu, Mhindi wa Upanga, ambaye ukoo wake umekaa mtaa uleule tangu enzi za babu yake. Daktari alicheza kimyakimya bila kusogea sana, kama mtu anayeshughulikia jambo dogo ofisini. Mzee yeye alipiga kwa nguvu zake zote, kila mpira, kuelekea mbinguni. Saa moja ya Jumamosi walikuwa wameishikilia miaka na miaka na hakuna kijana aliyewahi kuwashinda. Tuliamini ni uzoefu.

Wiki mbili kabla ya mashindano tukacheza nao mechi ya kirafiki.

Kiwanja chetu hakina mwamuzi. Utaratibu ni kwamba mpira ukidunda upande wenu, ninyi ndio mnaosema umeingia au umetoka, na wa upande wa pili wanakubali. Ni utaratibu mzuri kati ya watu wa rika moja. Lakini kabla ya mechi Mzee alikuja mpaka kwenye wavu, akasimama pale, mikono nyuma, akingoja. Nikajua anangoja nini. Nikasogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazazi hawajambo? Haya, tucheze."

Na hapo mechi ikawa imekwisha. Mpira wake wa kwanza ulidunda mbele ya mguu wangu, nje, mbali kabisa na mstari. Ningeweza kuweka meza pale katikati na watu wanne wakala. Nikainua macho nikamwona ametulia na kofia yake, mtu ambaye dakika moja iliyopita nimemwamkia na akaniulizia wazazi. Nikafikiria jinsi ya kulisema. "Mzee, umetoka" lilikuwa fupi mno, kama kumfunga mtu mlango. Nikaanza, "Mzee, samahani, nadhani, kama sijakosea, huenda…" na kabla sijafika kwenye kitenzi alikuwa ameshachukua mpira mwingine anajiandaa.

"Umeingia?" aliuliza.

"Ndani, mzee. Hongera."

Mama wa zipu aligeuka polepole. Yeye upande wake hakuwa na shida. Alimwamkia Mzee vizuri tu, kwa kupiga goti kidogo, na mpira ulipotoka alisema, "Umetoka huo, Mzee, lete mwingine," kama anavyomwambia mteja kwamba noti imechanika. Lakini Mzee, nadhani bila kukusudia, alipenda kupiga upande wangu. Na upande wangu kila kitu kiliingia. Viliingia vilivyogonga wavu wa chuma nyuma. Kimoja kiligonga pikipiki ya katibu, na hicho nacho, kwa mujibu wangu, kiliingia.

Tulifungwa gemu sita kwa moja.

"Umesomea nini wewe?" mama aliniuliza tukifuta jasho.

"Upimaji."

"Wa nini?"

"Mipaka."

Alikunywa maji yote ya chupa bila kupumzika.

Baada ya mechi wazee walitukaribisha chai ya tangawizi kwenye benchi karibu na geti. Mzee alikuwa na furaha. Akaniuliza kwetu ni wapi.

"Tabora, mzee."

Aliweka kikombe chini. "Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mzee."

"Aa! Kumbe ni mpagazi wangu!" Akampiga Daktari begani. "Daktari, unamwona huyu? Babu yake alitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka hapa pwani, mzigo kichwani, ili aje kuniona mimi! Na wewe mjukuu umekuja mikono mitupu? Mzigo wangu uko wapi?"

Nilijua huo ni utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na nyumbani nimeuona tangu utotoni. Lakini kuuona ni jambo moja, na kumjibu mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu ni jambo lingine. Mama wa zipu alinifinya. "Mjibu," alininong'oneza. Nikatafuta jibu. Nikapata matatu, nikayapanga kwa ubora, nikaliona kila moja lina hatari yake.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Uso wa Mzee ulishuka kama wa mtu aliyerusha mpira na hakuna aliyeurudisha. "Chuo kimemharibu," alimwambia Daktari.

Mchana huo nikampigia bibi yangu, Tabora.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umepata kazi?"

"Bado. Bibi, nina swali. Mzee wa Kizaramo, umri kama wako. Ni mtani wangu hata kama nimempa shikamoo?"

Nikasikia anaweka ungo chini. "Mzaramo? Wale wanaocheza ngoma mpaka muhogo unaozea ardhini? Shikamoo mpe pale getini, ni haki ya mvi zake. Ukishaingia ndani ni mtani wako. Mwambie chochote."

"Chochote? Hata mbele za watu?"

"Mbele za watu ndiyo kwenyewe. Babu yako alipata kwenda msibani kwao huko Kisarawe. Wakati wa kutoa jeneza akalala mlangoni. Chali! Hawakupita mpaka walipomkomboa na jogoo. Na hakuna aliyenuna. Anayenuna ndiye mkosaji."

"Kwa hiyo naweza kumwambia kwamba mpira umetoka?"

"Mpira gani?"

"Wa tenisi."

Nikadhani salio limeisha.

"Mjukuu wangu," alisema hatimaye, "tafuta kazi."

Wiki ile sikuandika habari za kiwiko wala goti. Niliandika maneno. Nilisimama mbele ya kioo cha mjomba na kusema, "Nje!" kwa sauti ya chini, ya kati, na ya juu. Muuza soksi alipiga kelele kutoka chini, "Nani anafukuzwa huko?"

Siku ya mashindano jozi zilikuwa nne tu. Sisi tuliwashinda vijana wawili wa benki waliokuwa na viatu vizuri kutushinda, na mama akapiga pale hawakuwepo mpaka wakaanza kulaumiana. Wazee nao wakawashinda wapinzani wao, ndugu wawili ambao niliwasikia kwa masikio yangu wakisema "Ndani, mzee" mara nne. Nikajua sikuwa peke yangu. Hakika, nadhani hakuna mtu wa chini ya miaka arobaini aliyewahi kumwambia Mzee mpira wake umetoka tangu kiwanja kile kijengwe.

Katibu alikuwa amepaka mistari upya kwa chokaa jioni iliyotangulia. Iling'aa. Watu kama ishirini walikaa kwenye benchi na ukingo wa ukuta. Mzee akaja kwenye wavu, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mpagazi."

Mpira wake wa kwanza ukaja upande wangu, ukapita, ukadunda nje. Nikamwona mama akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikafumba macho.

"Nje!" nikapaza sauti. "Umepitiliza mpaka Kisarawe!"

Daktari aliangalia viatu vyake. Mzee alisimama kama mtu aliyeitwa jina asilolitarajia.

"Unasemaje?"

Nilikuwa nimeshaingia kwenye maji, hakukuwa na kurudi. "Nimesema nje. Mzaramo ukipewa kiwanja chako unataka na cha jirani!"

Sekunde mbili, labda tatu. Kisha Mzee akainama, akajishika magoti, na nikadhani nimemuua. Alikuwa anacheka. "Amefufuka!" alimpigia Daktari kelele. "Mpagazi amefufuka! Haya, si umeuona ulikokwenda? Ubebe basi uniletee, si ndiyo kazi yenu!"

Watu wakalipuka. Nami nikaubeba ule mpira kichwani, kwa mkono mmoja, mpaka kwenye wavu, nikamkabidhi. Sijui ni nani aliyeniingia mwilini. Baada ya hapo kila mpira uliotoka niliutangaza pamoja na anwani. Huu umeenda Magomeni. Huu umefika Muhimbili, ulazwe. Mzee naye, kila mpira wangu ulipogonga wavu, aliuliza kama Tabora hakuna kitu kirefu kuliko magoti ya ng'ombe, maana aliona sijajifunza kupiga juu.

Tulipofika gemu nne kwa mbili, sisi tukiongoza, Mzee alikuja kwenye wavu. Hakuwa anacheka tena.

"Wewe, utani pembeni. Yote hiyo inatoka kweli?"

"Yote, mzee."

"Na siku ile ya kirafiki?"

"Siku ile ndiyo ilitoka zaidi."

Akamgeukia mwenzake. "Daktari, ulikuwa unajua?"

Daktari alivua miwani, akaanza kuifuta kwa fulana. "Kutoka pale niliposimama," alisema, "sioni vizuri."

"Wewe ni daktari wa macho!"

"Mstaafu," alisema Daktari.

Mzee aliitazama raketi yake kwa muda. "Miaka yote hii," alisema, si kwa sauti ya ugomvi, "nimekuwa nikijiambia mkono wangu bado una shabaha." Niliona haya, mimi na kila kijana aliyekaa ukutani. Kisha akarudi nyuma, akavuta pumzi, na akaanza kupiga taratibu zaidi. Mpira ukaanza kuingia. Mtu aliyeambiwa ukweli mara saba akawa mchezaji mwingine, na aliyemboresha alikuwa mimi.

"Umefurahi sasa?" mama wa zipu alinong'ona walipotufikia nne kwa nne.

Ikawa tano kwa tano. Katibu akasema jua limepanda, gemu inayofuata ndiyo ya mwisho. Tukafika mahali tukahitaji pointi moja tu. Mama alipiga pale hawapo. Mzee, sijui alifikaje, aliufikia, akaurudisha mrefu kwenye kona yangu, na mimi nikauacha upite kwa sababu nilishaona unakokwenda.

"Nje!" nikapaza sauti. "Huo umepanda treni!"

Makofi, vigelegele. Mama alitupa raketi akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Wazee wakaanza kuja kwenye wavu kutupa mkono. Nikaenda kuuokota ule mpira.

Ulikuwa na chokaa. Upande mmoja, alama nyeupe, upana wa kidole gumba, mbichi kabisa. Mpira ukigusa mstari umeingia. Niliutazama ule weupe nikajua kwamba sikuwa nimetazama kabisa pale ulipodunda. Nilikuwa nimeshanogewa na kusema nje. Nikautia mfukoni. Nikatembea hatua tatu. Kosa moja ambalo mhadhiri wetu alituambia hatalisamehe, hata ukimfuata ofisini ukilia, ni kulisogeza jiwe la mpaka kwa sababu unampenda jirani mmoja kuliko mwingine. Nikasimama. Nikaenda hatua nyingine mbili. Nikarudi moja.

"Mzee," nikasema, na kuutoa mpira mfukoni. "Samahani. Ulikuwa ndani."

"Unasemaje?" Mzee akauliza.

"Hasemi kitu!" alisema mama wa zipu.

Nikauonyesha. Daktari wa macho, ambaye haoni vizuri, aliiona ile chokaa kutoka hatua kumi. Tukarudi kucheza. Pointi iliyofuata niliupiga mpira kwenye wavu, na iliyofuata hiyo nikaupiga kwenye pikipiki ya katibu. Tukafungwa.

Tulitembea mpaka Kariakoo. Mlangoni mwa duka mama aliitundika raketi kwenye msumari, nyuma ya mafurushi ya zipu nyeusi.

"Sikulaumu," alisema. "Umesema kweli. Ila hiyo kweli yako si ungeisema hata Jumapili?"

Wiki nzima niliiona ile raketi kila nilipopita. Siku ya nne ilikuwa imeshaning'inizwa zipu za rangi ya maziwa. Siku ya tano nilimsikia mama akimwambia mteja kwamba amepumzika mazoezi kwa muda, kwa ile sauti ambayo watu hutumia wakiwa wameacha. Kipimo cha presha sikukiona tena chini ya kaunta, nikashindwa kuamua kama hiyo ni habari njema au mbaya. Nilifikiria kwenda kumwomba Mzee atupishe. Nikaandika ombi hilo kwenye daftari kwa namna sita, na zote zilianza na samahani. Kisha nikakumbuka jogoo wa babu yangu.

Jumamosi, saa moja kasoro robo, katibu alipofungua geti, niliingia, nikaenda katikati ya kiwanja, nikalala. Chali. Sakafu ilikuwa na umande na nilivaa fulana nyepesi. Katibu akaja mbio akidhani nimezimia.

"Siumwi," nikamwambia. "Niache tu."

Pale chini nilipata muda mrefu wa kufikiri, nao si muda ninaopaswa kupewa. Niliwaza kwamba labda utani una eneo lake na kiwanja cha tenisi hakimo. Niliwaza kwamba mwajiri wangu wa baadaye anaishi katika moja ya ghorofa zile na sasa hivi yuko dirishani. Kisha nikaiona kofia ya Mzee, kichwa chini miguu juu.

"Shikamoo mzee," nikasema nikiwa chini.

"Marahaba. Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimelala. Mimi ni mtani wako, na hamchezi hapa mpaka nikombolewe."

Daktari alitazama saa yake. "Tumwite mlinzi amwinue."

"Haruhusiwi kuinuliwa!" Mzee alishtuka kana kwamba Daktari amependekeza kuvunja msikiti. "Mtani akishalala ni kumkomboa tu. Ni sheria hiyo." Halafu kicheko kikamshika, akaegemea nguzo ya wavu, machozi yakimtoka. "Mwaka wa ngapi sijaona mtu kulala! Watoto wangu mwenyewe hawajui! Mimi nilidhani mambo haya tumeshayazika!" Akajifuta kwa kofia. "Haya, mpagazi. Unataka nini? Jogoo?"

"Saa moja ya mama wa zipu."

"Yote?"

"Yote."

"Nusu."

"Nusu hatoki jasho."

Akafikiri, akitembea kunizunguka kama mtu anayekagua kiwanja cha kununua. Kisha akatoa simu, akampigia mama, akaweka sauti ya nje. "Mama, njoo Upanga umchukue mtu wako, amelala kwenye mstari wangu. Njoo na raketi."

Alifika kwa bajaji, na kanga kiunoni na funguo za duka mkononi. Raketi ilikuwa bado na zipu mbili za rangi ya maziwa zikining'inia. Alinitazama pale chini muda mrefu kidogo.

"Wewe," alisema, "una wazimu." Lakini alikuwa ameshaanza kufungua zile zipu.

Uamuzi wa Mzee ulikuwa huu: tenisi inachezwa na watu wanne, wao ni wawili na sisi ni wawili, kwa hiyo saa moja itatutosha wote, kila Jumamosi, kwa masharti mawili. La kwanza, mpira wake ukitoka niseme, kila mara, hata kama ni kwa upana wa unywele. La pili, mimi ni mpagazi, na mpagazi anabeba. Begi lake nitalipokea getini na kulifikisha benchi.

Nimekuwa nikilibeba tangu siku hiyo. Namwamkia getini, ananipa, nalitia begani. Wiki za kwanza nilishangaa jinsi taulo, chupa ya chai na raketi mbili zinavyoweza kuwa nzito hivyo. Nililifikiria sana, mpaka Jumamosi moja nikalifungua. Chini kabisa, limefungwa kwenye gazeti, kulikuwa na jiwe.

Nililirudisha, nikafunga zipu. Jumamosi iliyofuata lilikuwa kubwa zaidi.